Msaada Uliotangulia Njaa
Somo la darasa: Matendo ya Mitume 11:27-30

Mwezi huu twataka tusome pamoja mistari minne ambayo wengi huipita upesi, kwa kuwa imewekwa kati ya habari ya kuanza kwa kanisa la Antiokia na habari ya Petro kutiwa gerezani. Luka aeleza jinsi nabii mmoja, jina lake Agabo, alivyofika Antiokia pamoja na wenzake kutoka Yerusalemu, akawaarifu watu kwamba njaa kubwa inakuja. Njaa ile ikaja kweli wakati wa Kaisari Klaudio. Wanafunzi waliposikia, wakaazimu kuwasaidia ndugu wa Yudea, kila mmoja kwa uwezo wake, wakawapa Barnaba na Sauli kuyapeleka mambo hayo kwa wazee.

Mwalimu na awasimamishe wanafunzi wake hapa, awaulize: Je, watu wa Antiokia waliazimu lini? Luka hasemi kwamba walingoja mpaka waone watoto wa Yudea wamekonda. Walisikia, wakaanza kukusanya. Tena hatusomi kwamba walikaa kushindana juu ya dhambi ya nani iliyoleta njaa hiyo, jambo ambalo sisi twalipenda sana, maana kila ziwa likifurika, hawakosekani wenye kujua ni ya nani hatia. Wao walihesabu fedha, wakachagua watu wawili waaminifu wa kuzipeleka.

Sisi tukaao Kigoma, Ujiji, na vijiji vya ufuoni hatuna Agabo, lakini tunalo ziwa lenyewe, nalo limetuonya mara nyingi. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zipatazo 670, na kina chake chafika mita 1,470. Mito mingi huingia, Malagarasi na Ruzizi ikiwa mikubwa, lakini mto utokao ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengine yote huondoka kwa kukaushwa na jua na upepo. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, maji hayana pa kukimbilia upesi, nayo hupanda. Zamani za Livingstone na Stanley kukutana Ujiji, mwaka 1871, Lukuga ulikuwa umezibwa na udongo na majani, na ziwa lilikuwa juu sana. Kiasi cha mwaka 1878 kizuizi kile kikabomoka, na katika miaka michache maji yakashuka kama mita 10. Ndiyo sababu mgeni aendaye leo kuona mahali pa kumbukumbu pale Ujiji hushangaa kuona kwamba ziwa li mbali kidogo. Nchi ile iliyoachwa na maji watu wakaijenga na kuilima, wakaisahau asili yake. Baada ya mvua kubwa za 1961 na miaka iliyofuata, ziwa likapanda tena, likafika juu mwaka 1964. Halafu likapanda kwa nguvu tangu 2020, na tena 2024, likaingia nyumba na mialo ya Kibirizi kwetu, na mitaa ya Bujumbura na Kalemie ng'ambo. Basi mtu asiseme kwamba jambo hili ni geni. Ni mwenye nyumba wa zamani aliyerudi kudai kiwanja chake.

Lakini madhara makubwa ya maji kupanda hayaonekani kwa macho. Ukuta ukianguka, kila mtu auona. Shimo la choo lililochimbwa hatua chache kutoka ufuoni likijaa maji kwa chini, hakuna aonaye, na uchafu wake huenda palepale watu wanapoteka maji ya kunywa. Hapo ndipo kipindupindu huingia.

Tuliona nguvu ya ugonjwa huo mwaka 1915 ukijumlisha miaka 100, yaani 2015, pale Kagunga, nao twataka kuueleza kwa urefu kidogo, maana ni somo letu wenyewe. Kagunga ni kijiji cha ufuoni karibu na mpaka wa Burundi. Nyuma yake milima imesimama kama ukuta, mbele yake ni ziwa, na ukanda wa nchi katikati ni mwembamba. Mwezi wa Aprili mwaka ule machafuko yalipoanza Burundi, watu wakavuka mpaka wakikimbia, na katikati ya Mei walikuwa makumi ya maelfu, wamelala mchangani na chini ya miti, katika kijiji ambacho vyoo vyake na maji yake havikuwatosha hata wenyeji ikiwa wageni wangekuwa sehemu ndogo ya hao. Watu wakanywa maji ya ziwa, na ufuo uleule ukawa choo. Kabla mwezi haujaisha walikuwa wameugua watu wapata 3,000, na waliokufa walikuwa kama 30, wengi wao wakimbizi, na wenyeji wachache pamoja nao. Fikirini, ndugu: mbele yao kulikuwa na mojawapo ya maziwa makubwa ya dunia, nao wakafa kwa kukosa maji.

Meli ya zamani Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilitumwa kuwachukua. Haikuweza kutia nanga pwani kabisa, ikabidi mitumbwi na maboti ya wavuvi kuwapeleka watu mpaka kwenye meli, wazee na wagonjwa wakibebwa. Wakashushwa Kigoma, wakakaa kwa muda katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kilishindwa kwa mambo madogo: maji yaliyotiwa dawa, sabuni, vyoo vilivyochimbwa upesi, na maji ya chumvi na sukari yaliyonyweshwa wagonjwa mapema.

Haya ndiyo mambo ambayo mkristo asiye daktari aweza kujifunza kabla ya siku ya taabu, naye akiyajua aweza kuokoa mtu. Mgonjwa wa kipindupindu hufa kwa kukaukiwa maji mwilini, pengine kwa saa chache tu. Chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari visivyorundikwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi; mnyweshe kidogo kidogo, huku wengine wakimtafutia chombo cha kumpeleka zahanati. Asingojwe apate nafuu kwanza. Twatamani kila msharika ajue kipimo hiki kwa moyo kama ajuavyo Baba Yetu, na chumvi isizidi, maana ikizidi hudhuru.

Turudi kwa Antiokia. Msaada ule ulipelekwa kwa wazee, haukumwagwa njiani. Twalisisitiza neno hili kwa sababu huruma isiyo na utaratibu huleta fujo: watu hufika na magunia ya nguo palipohitajika ndoo, na mwenye sauti kubwa hupata mara mbili, na mjane hurudi mikono mitupu. Sheria ya maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati tangu taifa mpaka kijiji. Usharika wenye watu wa kujitolea na uwapeleke majina kwa kamati ya kijiji au ya mtaa mapema, wajulikane, ili siku ya mafuriko wasifike kama wageni. Kanisa letu linao mfano wake: mwaka 1964 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilianzisha hapa nchini shirika la TCRS kuwahudumia wakimbizi kwa kupatana na serikali, nalo likawahudumia Warundi wa 1972 na wengine waliowafuata, bila kuuliza mtu anasali wapi. Nasi huku Ujiji, ambako jirani zetu wengi ni Waislamu, yatupasa kuhesabu nyumba zote za mtaa, pamoja na za wale wasioingia kwetu Jumapili. Anayehesabu Walutheri peke yao hajahesabu mtaa.

Jambo la mwisho ni kipindi cha baadaye, ambacho ndicho kigumu, kwa sababu watu wa mbali wamekwisha kwenda. Mwanamke aliyekuwa akianika dagaa mchangani, maji yakichukua mchanga wake, amepoteza kazi yake hata kama nyumba yake imesimama. Vijana wa usharika wakimjengea vichanja vya miti na nyavu mahali palipoinuka, dagaa hukauka safi kuliko mchangani, naye hulisha watoto wake bila kuomba. Kazi hii haina sifa nyingi, wala hakuna apigaye picha.

Baada ya kusoma, mwalimu na awatoe wanafunzi nje, waende pamoja mpaka ufuoni, kisha awaulize: Katika mtaa huu, maji yalifika wapi mwaka 2024, na ni mzee gani akumbukaye yalipofika 1964? Vyoo vingapi viko chini ya alama hiyo? Ni nani asiyeweza kutembea, na nani atakayembeba? Funguo za kanisa anazo nani usiku? Majibu yaandikwe katika daftari la usharika, na wazee walisome katika mkutano wao wa Oktoba, kabla mvua hazijashika.