Flashi Inapobadilishiwa Herufi na Kompyuta

Mtumiaji anayetunza hesabu za duka lake kwenye flashi hushtuka programu inapomwarifu kwamba faili halipo, ilhali jana lilikuwapo. Aghalabu flashi haina kasoro yoyote. Kilichobadilika ni herufi: jana kompyuta iliitambua flashi hiyo kwa herufi E, leo diski nyingine imetangulia kuchomekwa na kuichukua E, nayo flashi imepewa F. Programu ingali inatafuta faili katika E. Tunashauri jambo hili lichunguzwe kabla ya kurudisha bidhaa dukani au kumlipa fundi.

Herufi hiyo haikuandikwa ndani ya flashi. Ni kumbukumbu ya kompyuta husika, na katika Windows mwenye kompyuta anaweza kuichagua mwenyewe. Hasara kubwa hutokea pale programu ya kuhifadhi nakala inapoelekezwa kwenye herufi ambayo sasa ni ya diski nyingine: nakala huenda pasipokusudiwa, na pengine hufuta zilizokuwapo.

Chomeka flashi, kisha bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya na uchague Disk Management. Itambue flashi kwa jina na ukubwa wake. Flashi ya GB 32 huonekana kuwa na chini kidogo ya 30. Huo si udanganyifu wa muuzaji, bali ni tofauti ya namna ya kuhesabu. Ibofye kwa upande wa kulia, chagua Change Drive Letter and Paths, kisha Change, na uipe herufi ya mbali, kama vile R au T. Z tunaiepuka, kwa kuwa ofisi nyingi huitumia kwa folda za mtandao. C isiguswe kamwe. Kazi hii huhitaji akaunti ya msimamizi wa kompyuta. Ukimaliza, ielekeze programu yako kwenye herufi mpya.

Kompyuta nyingine haitaijua herufi hiyo. Huko utarudia hatua zilezile. Aidha, flashi ikichomekwa wakati herufi yake imeshikwa na kifaa kingine, itapewa nyingine, na ikifomatiwa upya huenda ikahitaji kupangiwa tena. Kinachosafiri pamoja na flashi ni jina lake. Basi ipe jina linaloeleweka, mfano HESABU, na ulisome jina hilo kila mara kabla ya kukubali kufuta au kufomati chochote.