Babu Alikuwa Nani? Somo la Kufuatilia Maisha ya Mzee wa Ukoo

Katika kazi yetu ya kutembelea familia hakuna swali linalotuletea kazi nyingi kama hili: huyu mzee ambaye jina lake bado liko kwenye hati ya shamba, alikuwa nani hasa? Alizaliwa wapi, alioa nani, alizaa watoto wangapi? Mzee alikwisha lala miaka mingi iliyopita. Wajukuu wanataka kugawana, na kila mmoja ana hadithi yake. Hapo ndipo inapobidi kukaa chini na kuyafuatilia maisha ya mtu ambaye hatuwezi kumwuliza tena.

Tutafundisha kwa kutumia familia moja ya Ukambani tuliyoanza kuisaidia mwaka 2014. Majina tunayaacha, maana wenyewe wapo na wanatusoma.

Mzee wao alifariki mwaka 1982. Wajukuu walikuja kwetu na karatasi yenye majina ya watoto wake wanne, wote wanaume, wote wa mama mmoja. Walichotaka ni msaada wa kujaza fomu za mahakama tu. Tukawaambia, sawa, lakini kwanza tueni mzigo, mtuambie habari za babu yenu.

Tulianza na hadithi. Hapa tuliambiwa mambo mawili ambayo yalionekana kupingana. Mmoja alisema babu alizaliwa wakati wa njaa kubwa. Mwingine akatoa kitambulisho cha zamani kilichosema 1910. Basi tukauliza, njaa gani? Maana Ukambani kila njaa ina jina lake. Ile ya 1898 hadi 1900 inaitwa Ngomanisye, na ile ya 1961, chakula kilipodondoshwa kwa ndege, inaitwa Ndeke. Bibi mmoja jirani akajibu bila kusita kwamba ni Ngomanisye, kwa sababu mama yake mzee alikuwa akisimulia alivyotembea na mimba akitafuta chakula. Bibi huyo hajui kusoma. Lakini kati yake na kile kitambulisho tulimwamini yeye, maana karani aliyeandika kitambulisho mara nyingi alikisia umri kwa kumtazama mtu usoni au kwa kuuliza mtoto wake wa kwanza ana miaka mingapi.

Kwa hiyo somo la kwanza ni hili: usimwulize mzee, “Mwaka gani?” Mwulize, “Wakati huo kulikuwa na nini?” Nzige walioingia Kenya kati ya 1928 na 1931 wanakumbukwa. Maandamano ya Wakamba waliotembea hadi Nairobi Julai 1938 na Muindi Mbingu, kupinga ng'ombe wao kupunguzwa kwa nguvu, yanakumbukwa. Hata majina ya watu husema: Wambua alizaliwa wakati wa mvua, Wayua wakati wa njaa, Muthama familia ilipokuwa ikihama. Wajaluo, Wakikuyu na Wakalenjin nao wana njia zao. Kwa wengi ukijua mtu aliingia rika gani, umeshapata karibu miaka yake.

Kisha tukauliza habari za vita. Wajukuu walisema kwa fahari kwamba babu alikuwa askari. Tukauliza, alibeba bunduki? Kimya. Mmoja akakumbuka kwamba babu alikuwa na kovu begani na alikuwa akisema lilitokana na masanduku. Basi huyo hakuwa askari, alikuwa mpagazi, mmoja wa wale waliokusanywa kwa wingi, hasa mwaka 1917, kubebea jeshi la Waingereza mizigo hadi Tanganyika. Jina la Kariokor pale Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na kikosi hicho cha wabeba mizigo. Wajukuu walisononeka kidogo, wakaona kama tumemshusha cheo. Lakini wapagazi waliumia kuliko askari: njaa, kuhara, malaria, mizigo mizito na njia isiyo na mwisho.

Tena tuligundua kwamba babu alikwenda na kaka yake, na huyo kaka hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna karatasi. Si wao peke yao. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda wakafika 350,000. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi huo huo. Tuliporudi kwa familia na habari hii, mjukuu mkubwa aliuliza kama radhi hiyo ina fidia. Hatukuwa na jibu la kumfurahisha.

Sasa tuje kwenye karatasi. Watu husema, “Sisi hatuna karatasi.” Kumbe wanazo. Waombe wafungue sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha nyanya. Katika familia hii tulipata risiti za kodi, barua moja ya mwajiri, kadi ya kliniki ya mtoto asiyejulikana, na kipande.

Vijana wengi hawajaona kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya vita, mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kukibeba, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma kama kengele ya mbuzi. Kiliwaudhi wazee wetu sana, na utaratibu huo wa Waafrika peke yao uliondolewa mwaka 1947. Lakini kile kilichowekwa kumfunga mtu, leo kinatusaidia kumfuata. Ndani yake kuna jina, wilaya, alama za vidole, na majina ya waajiri pamoja na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Kwa kipande hicho tulijua kwamba mzee alifanya kazi katika shamba la mkonge upande wa Thika kwa miaka kadhaa. Wajukuu walikuwa hawajui hata siku moja.

Angalieni lakini: kipande kilikuwa cha wanaume. Kodi ililipwa na wanaume. Hati za mashamba ziliandikwa majina ya wanaume. Ukifuata karatasi hizo peke yake, utapata ukoo usio na akina mama.

Ndiyo sababu tulikwenda parokiani. Kanisa limeagizwa kutunza rejista za ubatizo, ndoa na vifo, na katika ubatizo huandikwa jina la mtoto, la wazazi wote wawili, la msimamizi na tarehe. Sehemu nyingi za mashambani, kabla ya miaka ya 1960, hicho ndicho kitabu cha pekee kilichoandika jina la mama. Usiende kuomba upekue mwenyewe. Mweleze paroko au karani unamtafuta nani na kwa sababu gani, upeleke makisio ya miaka, naye atakufungulia. Kitabu kile kina mambo ya watu, kama mtoto ambaye baba hakutajwa, na si gazeti la kusoma kwa sauti.

Rejista za zamani ziliandikwa kwa Kilatini. Hapa tukiri kosa letu. Mwenzetu mmoja aliona neno “circa” mbele ya mwaka wa kuzaliwa, akaandika kwenye daftari kwamba mzee alizaliwa mahali paitwapo Circa. Tulizunguka siku mbili tukiuliza Circa ni kijiji gani! Padre mzee ndiye aliyetucheka na kutuambia maana yake ni “yapata,” yaani yule mmisionari naye alikuwa akikisia. Na majina pia yaliandikwa kama sikio la Mzungu lilivyosikia: Musyoka unaweza kumkuta Musioka au Mushoka. Ukikosa herufi moja usikate tamaa, soma jina kwa sauti.

Tulipata ndoa ya mzee, mwaka 1946, na yule mama wa watoto wanne. Na mbele ya jina lake palikuwa na neno moja dogo: “viduus.” Safari hii hatukukimbia. Tulimwuliza padre. Maana yake ni mjane mwanamume, mtu aliyefiwa na mke.

Basi mzee alikuwa na mke kabla ya huyu. Nani?

Tuliwauliza watoto wa mzee waliokuwa hai, mbele ya wajukuu, daftari likiwa wazi mezani. Wote walisema hawajui. Hilo lilikuwa kosa letu la pili, na ndilo tunaloliona kubwa zaidi. Jambo kama hilo haliulizwi katika mkutano. Wiki iliyofuata mama mmoja wa timu yetu alikwenda peke yake kwa dada yao mzee na binamu yao, akawasaidia kuchambua mboga, na kabla ya chai kuiva jina lilikuwa limetajwa. Mke wa kwanza alirudi kwao akiwa mgonjwa, akafa huko, na aliacha msichana. Msichana alilelewa na wajomba. Mahari yake ilikwenda kwa wajomba, na kwa hiyo upande wa baba haukuona sababu ya kumtaja tena.

Tulikwenda parokia ya upande ule wa wajomba. Alibatizwa mwaka 1943, na baba aliyeandikwa ni mzee wetu yule yule, na kijiji chake kimetajwa. Pembeni ya ukurasa kulikuwa na maandishi ya wino mwingine: amefunga ndoa, mwaka fulani, parokia fulani. Maandishi hayo ya pembeni msiyapite, maana mtu akioa au kuolewa kanisani habari hurudishwa kwenye kitabu alichobatizwa. Tukaifuata parokia hiyo ya tatu, na katekista akatupeleka nyumbani kwake.

Alikuwa hai. Tulimkuta susu ameketi kwenye mkeka akipuna mahindi. Tulimwuliza alizaliwa lini, akasema mama yake alimwambia nzige walikuwa wameziba jua. Tulipomtajia baba yake, aliacha mahindi na kutuuliza, “Wamewatuma wao, au mmekuja wenyewe?”

Swali hilo lilitufunza kuwa waangalifu. Hatukutumwa kumtafuta yeye. Tulirudi kwa wajukuu tukawaeleza yote, na kwa haki tuseme kwamba aliyeandika ile karatasi ya majina manne hakudanganya. Hakuwahi kusikia. Lakini walipokwisha kusikia, wawili walitaka tunyamaze.

Tuliwasomea sheria. Sheria ya Urithi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na mzee alifariki baada ya hapo. Sheria hiyo haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Chifu hutoa barua yenye majina ya warithi wote, na ombi likifika mahakamani hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, mwenye pingamizi akipewa siku 30. Ni nani mashambani anayesoma Gazeti Rasmi? Susu asingejua kamwe. Na mtu akificha mrithi kwa kusudi, mahakama inaweza kuifuta hati ya urithi hata baadaye, shamba likiwa limeshagawanywa na nyumba zimejengwa.

Barua ya chifu iliandikwa upya, majina matano. Susu alikuja na mwanawe, wakaketi na kaka zake wa baba mmoja kwa mara ya kwanza. Alikubali ekari moja upande wa mtoni. Tulimweleza faraghani kwamba sheria ingeweza kumpa zaidi. Akasema anajua, lakini anataka watoto wake wawe na mahali pa kupita wakienda kwa wajomba zao. Aliamua mwenyewe, tukaandika, wakatia sahihi na yeye akaweka kidole. Mmoja wa wale wajukuu hatusalimii hadi leo.

Kwa wale ambao parokia zao hazina vitabu vya miaka hiyo, au ambao wazee wao hawakubatizwa, kuna Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, Nairobi. Humo zimo ripoti za wakuu wa wilaya wa mkoloni za kila wilaya, majina ya machifu, na kesi za mashamba. Raia yeyote anaweza kujiandikisha kwa ada ndogo na kusoma. Huwezi kumpata babu wa kawaida kwa jina kwa urahisi, lakini utapata njaa, kodi na kazi za lazima za miaka yake.

Unapoandika, gawa ukurasa wa daftari mara mbili. Upande mmoja andika lililosemwa na nani alilisema. Upande wa pili andika lililo kwenye karatasi na karatasi gani. Usilazimishe pande hizo zikubaliane. Pale zinapogombana, kama ile 1910 na Ngomanisye, ndipo pa kurudi kuuliza tena.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya:

1. Shamba mnaloishi limeandikwa jina la nani, na je, yuko hai?

2. Taja jina la mama wa babu yako. Kama hulijui, ni mzee gani bado anaweza kukuambia, na utakwenda kwake lini?

3. Ni mabinti gani wa ukoo wenu walioolewa mbali ambao majina yao hayatajwi mnapohesabu watoto wa mzee?

4. Nani anatunza sanduku la karatasi nyumbani kwenu, na mchwa wameshafika?