Kumtunza Mbwa Wakati wa Jua Kali

Wengi wetu hudhani kwamba mbwa akipewa makombo ya jioni amekwisha kutunzwa. Mimi pia nilidhani hivyo mpaka likizo ya Agosti iliyopita, mbwa wetu Simba aliponusurika kufa kwa kosa langu mwenyewe.

Sisi twakaa Nyamirambo, hapa Kigali. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku kuna baridi. Kwa hiyo watu husema jua la hapa haliui. Lakini katika kiangazi kirefu, tangu Juni hata Agosti, mabati huwaka kama kikaango. Asubuhi ile nilimfunga Simba kwa mnyororo kivulini, karibu na ua wa mabati, nikaenda zangu sokoni. Nilisahau kwamba kivuli huhama. Niliporudi yapata saa nane, kivuli kilikuwa upande wa pili, bakuli la maji limepinduka, naye amelala ubavu akitweta mno, mate mazito kama povu yakimtoka. Alipojaribu kusimama akapepesuka.

Mzee mmoja jirani alichungulia akapiga kelele, "Mwanangu, toka hapo! Huyo ana kichaa, auawe!"

"Hapana, baba, ni jua. Amechanjwa, cheti kiko ndani."

Mzee yule simlaumu. Watu wa rika lake waliona mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mbwa wakila maiti, na mbwa wengi wakapigwa risasi. Mpaka leo wako wasiopenda kumtazama mbwa.

Sasa tutazame sababu ya ugonjwa ule. Mtu hutoka jasho mwili mzima, na jasho likikauka huondoka na joto. Mbwa hutoka jasho kidogo tu nyayoni. Kazi kubwa hufanywa na ulimi na pumzi. Fikiri mtungi wa udongo: maji hupenya nje, upepo huyakausha, na yaliyobaki ndani hupoa. Ulimi wa mbwa ndio mtungi wake. Asipokuwa na maji, au hewa yenyewe ikiwa moto, kutweta hakumfai kitu. Joto lake la kawaida ni digrii 38 hadi 39. Likifika 41 yumo hatarini.

Nilimburuta kivulini nikammwagia maji ya bomba tumboni na miguuni, huku mdogo wangu akimpepea kwa ungo. Usimfunike kwa nguo mbichi ukaiacha, maana huzuia hewa. Wala usimtie maji kinywani kwa nguvu, asije akapaliwa. Alipopata nafuu tulimpeleka kwa daktari wa mifugo, kwa sababu joto huweza kudhuru figo na ini hata baada ya mwili kupoa.

Lakini ukikuta mbwa usiyemjua anatoka povu, usijifanye daktari, kaa mbali. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha uende upesi kituo cha afya. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu daima huua.

Tangu siku ile nampikia Simba kitu cha kumburudisha. Nachemsha mifupa bila chumvi wala kitunguu, naitoa yote na kuengua mafuta, kisha supu naigandisha vikombeni katika friza ya muuza duka jirani, ambaye alinicheka sana mara ya kwanza. Asipokuwa na nafasi, naponda ndizi mbivu katika ikivuguto kidogo, au nampa tikiti maji lisilo na mbegu wala ganda. Chokoleti, zabibu, vitunguu, mifupa iliyopikwa na kokwa la parachichi hapati kamwe, hata akilia.

Kumtembeza ni saa kumi na mbili asubuhi. Mchana naweka kwanza mgongo wa mkono juu ya lami. Nikishindwa kuhesabu mpaka saba, twarudi nyumbani. Mnyororo nimeutundika ukutani, na bakuli la maji sasa ni la udongo, zito, halipinduki. Juzi mzee yule aliuliza ng'ambo ya ua kama Simba amekwisha kunywa.