Kiti cha Mjumbe ni Mali ya Nani?

Ndugu mmoja mfanya biashara, mwenyeji wa pwani aliyehamia Lugulu katika kaunti ya Bungoma, ametupelekea suali. Twalijibu hapa mbele ya wote, kwani laweza kuulizwa Mombasa, Malindi au Lamu kama linavyoulizwa huko bara. Asema: Tulimchagua mjumbe kwa chama fulani, naye alituambia kwa kinywa chake kwamba hatakaa na wale wa upande wa pili. Kura zilipokwisha kuhisabiwa, hapana upande uliopata wingi. Mjumbe wetu akaitwa, akazungumza nao usiku, na asubuhi akawa ni wao. Sasa amekuja msikitini kutaka wazee wafuatane naye kwenda kushukuru, na madrasa yetu imeahidiwa mabati. Je, amefanya dhambi? Wazee wakienda wana hukumu gani? Na mabati tuyapokee?

Kabla ya kumhukumu mtu, yapasa tujue alichoshika mkononi. Kura ni nini katika sharia? Vitabu vya wazee wetu havikuitaja kwa jina hilo, lakini ulamaa wa zama hizi wameitazama na kuipa mahala pake. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, aliyefariki 1976, aliifananisha na ushahidi, na uombezi, na uwakili. Mwenye kumpa mtu kura amshuhudia kuwa yuafaa, amwombea apate cheo, na amfanya wakili wake. Mambo haya matatu ni kweli, lakini katika suali la ndugu yetu la tatu ndilo lenye kufungua mlango.

Wakili, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, hana mali. Mali ni ya aliyemwakilisha. Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja kuwa wakili aliyepewa kitu akiuze hawezi kujiuzia nafsi yake, wala kumuuzia mwanawe mdogo. Tuchukue mfano wa mjini kwetu. Umempa mtu nyumba yako ya Kibokoni akuuzie. Akaja akakwambia, nimeinunua mimi, na bei ni nzuri. Fakihi hamuulizi bei ni ngapi. Biashara hiyo haisihi, japo bei ni ya soko, kwa sababu mtu hawezi kusimama pande mbili za mizani, awe ni mwenye kutaka bei ipande na awe ni mwenye kutaka ishuke. Nafsi yake itampendelea, atake asitake.

Basi mtazame mjumbe aliyeitwa usiku. Kilichokuwa mkononi mwake ni sauti ya watu wa Lugulu. Ikiwa ameitoa, akapewa badala yake kazi, au gari, au nduguye kuandikwa ofisini, basi amejiuzia nyumba ya watu. Na ikiwa ameitoa, wakapewa wenyewe kile walichomtuma, hapo ni jambo jingine, nasi hatulikatazi.

Kwa nini hatulikatazi? Kwa sababu wako miongoni mwetu, na hasa vijana wetu wenye bidii ya dini, wasemao kwamba kila kupatana na mpinzani ni khiyana. Hawa wameisahau Hudaybiya. Mwaka wa sita wa Hijra Mtume (s.a.w.) alikaa na mjumbe wa Makureshi, Suhayl bin Amr, wakabishana masharti moja moja, na Sayyidna Ali akayaandika. Masharti yalikuwa mazito. Abu Jandal, mwana wa Suhayl huyo huyo, alikuja na minyororo miguuni kuwakimbilia Waislamu, akarudishwa kwa sababu ya ahadi. Sayyidna Umar alikasirika na kuuliza, wala hakufukuzwa kwa kuuliza kwake. Sasa angalia Mtume mwenyewe alipata nini katika mapatano yale. Hakupata cheo. Alipoteza! Suhayl alikataa aandikwe kwa jina la Mtume wa Mungu, naye akaridhika likaandikwa jina lake na la babake tu. Aliyewasemea watu alitoa kilichokuwa chake, na faida ikawa ya umma wote. Na haya yalikuwa mchana, mbele ya Masahaba, kwa maandishi.

Msidhani kuwa haya ni ya vitabuni tu. Yamepita kwetu, na wengine wangali hai walioyaona.

Mwezi wa Februari 1961 Kenya ilifanya uchaguzi. KANU ilipata viti 19 na KADU viti 11. Kwa hisabu hiyo mshindi yuko, lakini KANU ilikataa kuunda serikali mpaka Jomo Kenyatta afunguliwe. Nchi ikawa na mshindi asiyetaka kutawala. Ronald Ngala, mtu wa pwani yetu, na makamu wake Masinde Muliro, mzaliwa wa Kimilili huko huko Bungoma, wakazungumza na Gavana Renison. Mwezi wa Aprili KADU ikaingia serikalini pamoja na wajumbe wa Kizungu na wa Kihindi, na Gavana akateua wajumbe wa ziada ili serikali ipate wingi. Watu waliwatukana sana. Wao walijibu kwamba wamepata ahadi ya kujengewa Kenyatta nyumba Kiambu, na kweli mwezi wa Agosti 1961 alifunguliwa. Sisi twaona jambo hili lina nuru na lina giza. Nuru ni kuwa walitaja kwa uwazi walichokitaka, na kilikuwa ni cha watu wote. Giza ni kuwa wingi wao haukutoka kwa wapigaji kura, bali ulitoka katika kalamu ya Gavana, na serikali ya namna hiyo humtazama aliyeiandika zaidi ya kuwatazama watu.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Januari 1961, ndugu zetu wa Unguja na Pemba walikuwa wamepiga kura zao. Viti vilikuwa 22. Afro-Shirazi ikapata 10, Hizbu 9, na chama cha Sheikh Muhammad Shamte, ZPPP, kikapata 3. Chake Chake ilipatikana kwa kura moja tu. Wale wajumbe watatu ndio waliokuwa na ufunguo wa nchi, na waliowachagua hawakuwa wameambiwa ufunguo utapewa nani. Wawili wakaenda Hizbu, mmoja akaenda Afro-Shirazi, ikawa 11 kwa 11. Serikali haikuweza kusimama. Mwezi wa Juni wakapiga kura tena, kwa viti 23. Mara hii Hizbu na ZPPP walikuwa wameshirikiana wazi tangu kabla ya kura, na katika jambo hilo walikuwa safi zaidi kuliko mara ya kwanza. Lakini shaka ilikuwa imekwisha kuingia nyoyoni, na watu 68 waliuawa katika fujo za mwezi ule. Yaliyofuata mpaka Januari 1964 kila nyumba ya mwambao yayajua. Hatusemi kwamba wajumbe watatu ndio walioyaleta yote, kwani sababu zilikuwa nyingi na za zamani. Twasema kwamba nchi yenye kovu haistahamili mapatano ya gizani.

Na Unguja hiyo hiyo imetuonyesha njia nyingine. Wakubwa wa vyama viwili walipopatana Novemba 2009, baada ya chaguzi zenye magomvi, hawakugawana vyeo wakanyamaza. Tarehe 31 Julai 2010 waliwauliza wananchi kwa kura ya maoni kama waridhia serikali ya pamoja, na asilimia 66.4 wakaridhia. Kufaulu au kutofaulu kwa serikali ile baadaye ni mlango mwingine. Kwa fikihi ya uwakili, wakili alirudi kwa mwenye mali akamtaka idhini, na hilo ndilo linalotakiwa.

Turudi Bungoma. Muliro tuliyemtaja aliingia KANU pamoja na wenziwe KADU ilipovunjwa Novemba 1964, akawa waziri. Wengi waliovuka wakati ule tangu hapo hawakusikika tena wakisema kinyume. Yeye, Juni 1975, Bunge lilipopiga kura juu ya ripoti ya kuuawa kwa J. M. Kariuki, alipiga kura kinyume cha serikali aliyokuwa waziri wake, na akafukuzwa uwaziri. Hakuwa Mwislamu, wala hatumsifu kwa kila alilolitenda. Lakini tunapotaka kujua kama mtu aliyehama ameuza sauti au hakuuza, twatazama kama sauti ingali yake siku inapomgharimu.

Nchi nayo imeweka sharia. Oginga Odinga na wenziwe walipotoka KANU 1966, Katiba ilibadilishwa ili mjumbe anayeacha chama chake arudi kwa wapigaji kura, na kifungu cha 103 cha Katiba ya 2010 kingali na hukumu hiyo. Lakini sharia hii hushika kujiuzulu chama, au kitendo kinachohisabiwa kuwa ni kujiuzulu. Mtu aweza kubaki na jina la chama na sauti akawa ameiuza, asishikwe. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2022 vyama vidogo vilivyokuwa vimetia saini na muungano mmoja kabla ya kura vilikwenda kukaa na muungano wa pili baada yake. Spika Moses Wetang'ula, mwana wa Bungoma, aliamua tarehe 6 Oktoba 2022 kwamba wingi ni wa Kenya Kwanza. Mahakama Kuu ikaubatilisha uamuzi huo tarehe 7 Februari 2025, na siku chache baadaye Spika akatoa uamuzi mwingine ulioubakisha wingi pale pale. Sisi si makadhi wa kesi hiyo. Twakumbusha tu kwamba karatasi iliyotiwa saini kabla ya kura imeonwa na mpigaji kura, basi imekuwa ni sharti la uwakili, na wakili aliyewekewa sharti hana ruhusa ya kulivuka peke yake.

Sasa jawabu. Mjumbe wa ndugu yetu, ikiwa aliahidi kama ilivyoelezwa kisha akahama bila ya kuwauliza waliomchagua, amevunja sharti na ana dhambi ya khiyana katika amana. Hatumwiti mnafiki, wala hatukati salamu yake. Toba yake ni kurudisha amana: ama akiache kiti akiombe upya, ama asimame mbele ya watu wa Lugulu mchana awaambie alichokubali na alichopewa, nao waridhie au wakatae.

Wazee wasifuatane naye kushukuru. Kwenda kwao ni kushuhudia kuwa biashara ile ni halali, nao hawakuwapo ilipofanywa. Wakitaka kwenda kwa haja ya mji, barabara au maji, waende kwa jina lao na siku yao.

Ama mabati, kipimo chake ni khabari ya Ibn al-Lutbiyya. Alitumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka, akarudi akasema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa mimi. Mtume akauliza juu ya mimbari, kama angalikaa nyumbani kwa babake na mamake, je, zawadi ingalimfikia? Basi ndugu wa Lugulu nao wajiulize: wazee wakikaa nyumbani, mabati yatafika? Twawashauri waandike barua waseme kwamba madrasa itapokea kilicho haki yake kwa njia ya ofisi ya kaunti, kwa stakabadhi, na kwamba wazee hawatakwenda. Yakija baada ya barua hiyo, wayaezeke. Yasipokuja, twajua mvua ya Bungoma si haba na watoto hawawezi kusoma chini yake. Kwa hiyo mchango umekwisha kuanzwa katika darsa yetu ya Alkhamisi, na mwenye kutaka kutoa, bati moja au nusu ya bei yake, amwone mweka hazina baada ya Isha.