Kuigeuza Seli Kuwa Kitufe katika Rejesta ya Chanjo
Katika lahajedwali, "amepata", "kapata" na "ndiyo" ni majibu matatu tofauti. Hivyo mtoto aliyechanjwa huweza kuhesabiwa kuwa hajachanjwa. Katika Excel, makro huweza kuondoa hitilafu hiyo kwa kuigeuza seli kuwa kitufe. Seli ikibofywa mara mbili, tukio la Worksheet_BeforeDoubleClick huiamsha makro, nayo hubadili "Hapana" kuwa "Ndiyo"; amri ya Cancel = True huzuia seli isifunguke kwa kuandikwa. Faili lihifadhiwe kwa muundo wa .xlsm. Hata hivyo, badiliko lililofanywa na makro halitenduliki kwa amri ya kawaida ya kutendua. Kwa hiyo, makro iandike pia tarehe na saa katika seli ya jirani, ili mbofyo wa bahati mbaya ugunduliwe kabla mtoto hajakosa dozi yake.