Hofu kabla ya usaili

*Nimeitwa kwenye usaili wa mahojiano wa kazi ya uhasibu. Mara ya mwisho mikono ilitetemeka, na jibu nililolijua likanipotea. Nifanyeje?*
*Msomaji, Dodoma*

Hofu ya usaili ni mwitikio wa kawaida wa mwili, wala si dalili ya kutoijua kazi. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini: moyo huenda mbio, kinywa hukauka, mikono hutetemeka, na hata jambo linalojulikana vyema huweza kusahaulika.

Kinachosaidia zaidi ni mazoezi ya kutamka. Kusoma majibu kimyakimya hakutoshi. Msailiwa ajibu kwa sauti mbele ya ndugu au rafiki anayemkatiza kwa maswali, hasa lile la kujieleza kwa ufupi, ambalo mara nyingi hutangulia. Vyeti na kitambulisho viandaliwe siku moja kabla. Asubuhi kahawa ipunguzwe, kwani huweza kuongeza mapigo ya moyo. Akisubiri kuitwa, avute pumzi kwa pua na kuitoa polepole zaidi. Kuomba swali lirudiwe si kosa hata kidogo.

Hofu ikimnyima usingizi kwa wiki kadhaa, au ikimfanya akwepe usaili, amwone daktari au mshauri nasaha. Tatizo hilo hutibika.