Mkaguzi haji kwa miadi

Swali: Nimefungua mgahawa mdogo wa chapati na maharage Leicester, Uingereza. Je, mkaguzi wa halmashauri lazima anitaarifu kabla ya kuja?

Jibu: La. Kwa kawaida huja ghafla, na kumzuia ni kosa. Hutazama unavyoandaa chakula, hali ya jengo, kisha kumbukumbu zako za maandishi. Hizo za mwisho ndizo huwaangusha hata wapishi hodari: jiko linang'aa, daftari la joto la friji tupu! Friji isizidi nyuzi 8 za Selsiasi. Maharage yanayosubiri wateja yasishuke chini ya 63. Baada ya ukaguzi hupewa alama ya usafi, 0 hadi 5. England hulazimiki kuibandika mlangoni. Wales ni lazima tangu 2013. Ukiona umepunjwa, kata rufaa kwa halmashauri ndani ya siku 21.